Mama Kapita Aliyerudi Mdogo

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na harufu ya mbao zilizopigwa na jua, hunirudisha utotoni mpaka leo. Juzi nilikuwa Himbi, mtaa wa Goma, nimekaa kwenye kibanda cha kuchajia simu, nangoja yangu ijae. Jenereta ilikuwa mlangoni, na kando yake vijana walikuwa wanabishana juu ya Taa Tisa, ile filamu ya vipande vingi ya watu wanaoishi ndani ya meli angani. Inaonekana imetangazwa kwamba sehemu nyingine inatengenezwa, na sasa kila mwenye simu ana lake la kusema.

"Atarudi," alisema mmoja. "Hawawezi kumuacha vile. Watu watakasirika."

"Arudi wapi, na amekwisha kuzeeka? Watatia mutoto mahali pake, utaona."

"Mutoto gani tena! Hebu tuulize mama huyu." Akanigeukia. "Mama, weye unawaza nini? Atarudi ao hatarudi?"

Nilimjibu kwamba sijui, nikachomoa simu yangu kabla haijajaa, nikaondoka. Nimelala katika miji mingi na nimeuliza watu maswali mengi ambayo hayanihusu, lakini swali hilo moja sipendi kuulizwa. Kuna wakati nilikuwa na jibu lake, na jibu lile lilikuwa halinipi usingizi.

Wenye umri wangu waliokulia Goma wanaijua sine. Ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na ndani yake mabenchi, televisheni moja, na mablanketi yaliyopigiliwa dirishani na mlangoni ili mwanga usiingie. Ya kwetu ilikuwa na Mikro. Jina lake la nyumbani sikuwahi kulijua. Alikaa kando ya televisheni ameshika kipaza sauti, akitutafsiria wazungu wa filamu katika Kiswahili chetu. Kifaransa alikijua nusu, Kiingereza hakukijua kabisa, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Kila mtu wa ile meli alimpa kabila na mtaa. Fundi wa mitambo alikuwa mtu wa Butembo, kwa sababu hakukaa kitako. Mpishi alikuwa mtu wa Bukavu, kwa sababu alisema sana. Na mama mkubwa wa meli, mwenye kovu kidevuni, aliyesimamia kazi zote, Mikro alimwita Mama Kapita, kama vile wasimamizi wa kazi wanavyoitwa kwetu.

Nje ya meli kulikuwa na taa tisa, na taa moja ikizimika, watu wote ndani walikuwa hatarini. Mama Kapita alitoka kwenda kuwasha moja, amefungwa kamba kiunoni. Kamba ikakatika. Tulimwona akienda, akienda, mpaka akawa punje. Siku hiyo Mikro mwenyewe aliweka kipaza sauti chini, na mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, ambaye aliangalia kila kitu bure kwa kuchungulia, alijifuta macho kwa kitenge.

Kisha ikaja diski iliyofuata. Ilianza na mtoto wa kike, mdogo, anakimbia katika shamba. Kidevuni alikuwa na kovu.

Miaka mingi baadaye, Kampala, niliazima simu ya mtu nikaiangalia Taa Tisa yote kwa mpangilio wake. Ile sehemu ya mtoto ilitengenezwa mwisho kabisa, kueleza utoto wa Mama Kapita kabla hajaingia melini. Waliozinakili diski walizitia katika bahasha moja wakatuletea, za mwanzo na za mwisho zimechanganyika, na picha za juu zilikuwa fotokopi zisizosomeka. Hatukuwa na mtu wa kutuambia. Tulichokuwa nacho ni hiki: mama amekufa leo, na kesho mtoto mwenye kovu lake anatembea.

Ubishi ulianza hapo hapo mlangoni. Kaka yangu Bahati, ambaye nilimwita Yaya kama ndugu wakubwa wote wanavyoitwa kwetu, ndiye alikuwa kichwa cha wale waliosema amerudi.

"Kule juu mutu haozi," alisema. "Anarudi nyuma. Anakuwa mudogo, kisha anakomaa tena."

"Uongo. Ule ni mutoto wake alimuzaa."

"Mutoto anazaliwa na kovu ya mama yake? Weye ulizaliwa na kitambi ya papa yako?"

Watu walicheka. Mikro alitoka nje kunywa maji, wakamzingira, wakamtaka aamue. Alitutazama kwa zamu kama hakimu, kisha akarudi ndani, akairudisha filamu mpaka pale mtoto anapofungua mdomo, na kwa sauti nyembamba akasema kwenye kipaza sauti: "Mimi niliyekuwa mukubwa, nimerudi mudogo." Mambo yakaisha. Hakuna aliyebishana na kipaza sauti.

Ni yule mama wa karanga tu ambaye hakuridhika. "Sawa, amekufa akawa mutoto," alisema, akikunja karatasi ya mteja. "Sasa akikufa tena? Atakuwa kichanga. Na kichanga akikufa, kunabaki nini?"

Diski nyingine ilikuwa bado haijafika.

Sasa lazima niseme kwamba wakati huo wote mama yangu hakuwa nyumbani. Alikuwa mchuuzi. Alipeleka nguo Walikale, akaleta mafuta ya mawese, na safari zile zilikuwa na urefu unaojulikana. Hii ya sasa ilikuwa imepita urefu wake. Barabara ilikuwa imefungwa mahali fulani, kwa sababu ambayo wakubwa waliitaja kwa sauti ya chini na kubadilisha maneno nikiingia. Baba, ambaye tulimwita Papa, alikuwa seremala wa zile nyumba za mbao. Kila asubuhi, kabla hajashika randa, alikwenda mahali malori yanaposimama, akauliza madereva, akarudi na mikono mitupu. Majirani walipita wakisema, "Atarudi tu, Papa Bahati, atarudi." Papa aliitika asante.

Mimi sikuwa na shaka kwamba atarudi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba watu hurudi. Kilichonitesa ni kutojua atarudi akiwa na ukubwa gani.

Ndipo akaja tantine, mdogo wake mama, kutoka Kibumba. Alishuka kwenye lori la kabichi, ameshika mkono wa mtoto wa kike ambaye sikuwahi kumwona, kwa maana vita na barabara vilikuwa vimetutenga nao tangu azaliwe. Mtoto alikuwa na kitambaa kichwani na kamasi puani. Papa aliacha randa juu ya ubao, akapiga magoti mbele yake.

"Eh! Muke wangu amefika!" alisema. "Mapendo, ulichelewa wapi? Tunakungoja na njaa!"

Mapendo ni jina la mama yangu.

Tantine alicheka, na kicheko kikamkatikia katikati, akafunika uso kwa kitenge. Kisha akanivuta mbele. "Sifa, kuya usalimie mama yako."

Leo najua, na wewe unayesoma pengine unajua, kwamba kwetu mtoto akipewa jina la mtu hupewa na kiti chake. Mume wa mwenye jina atamwita mke wangu, watoto watamwita mama, watamletea hata maji ya kunawa. Ni utani, na ndani ya utani kuna heshima. Lakini hakuna aliyenieleza, kwa sababu hakuna anayekaa kueleza jambo ambalo kila mtu analijua. Niliinama nikamtazama yule mtoto. Chini ya sikio la kushoto alikuwa na doa jeusi, mahali pale pale mama alipokuwa na lake. Papa alikuwa ameshasimama, amekwenda nyuma ya nyumba, na nilimsikia akiupiga randa ubao ambao alikuwa amemaliza kuulainisha jana.

Nikasema, "Jambo, mama." Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya tantine.

Kwa hiyo alikuwa amekufa huko Walikale, amerudi, na wakubwa walikuwa wanajua. Ndiyo maana walilia wakicheka. Sikulia. Nilikuwa na kazi. Nilimwendea Bahati, nikamuuliza kwa kuzunguka, kwa sababu niliogopa kulitaja lenyewe.

"Yaya, Mama Kapita mudogo anakumbuka watu wake?"

Alikuwa anatoboa chupa ya plastiki atengeneze meli. "Anakumbuka pole pole," alisema. "Mpaka waanze kumukumbusha."

Nikaanza kumkumbusha. Nilimwonyesha sufuria yake, ile yenye mkono mmoja. Nilimwonyesha sanduku la bati na kumuuliza funguo aliziweka wapi. Nilimtajia majina ya wateja wake. Alinisikiliza kwa macho makubwa, kisha akasema, "Nataka mukate." Nilimpa wangu. Nilimletea kandambili za mama, na alipozivaa alikwenda nazo hadi mlangoni na kurudi bila kuanguka, na mimi nikaiona kuwa dalili, maana mtoto asiyezijua angeanguka. Aliponiegemea akasinzia, aliweka kiganja chini ya shavu. Mama hulala hivyo. Watu wengi hulala hivyo, lakini sikuwa nimewatazama watu wengi.

Pamoja na furaha hiyo kulikuwa na maneno ya mama wa karanga. Akifa tena atakuwa kichanga, na baada ya kichanga hakuna kitu. Kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kufa, wala ya kuanguka, wala ya kukohoa. Pipa la maji ya mvua nililifunika kwa ubao na kuweka jiwe la volkano juu yake. Pikipiki ikisikika mbali nilimnyakua nikambeba mgongoni. Katika chakula chake nilitafuta mifupa kwa vidole. Tantine alishangaa, akasema mtoto huyu amepata mlezi wa bure. Wasichana wa jirani walikuwa na lao.

"Sifa amezaa! Angalieni Mama Sifa!"

"Si mutoto wangu," niliwaambia. "Ni mama yangu."

"Eh, ni kweli," alisema mkubwa wao, na akampigia mtoto goti kabisa. "Jambo, mama! Utatugawia mafuta lini?"

Walicheka wakaenda zao. Hata wao walijua.

Shule niliiona kama mzaha. Mwalimu alisema mbele ya ubao, mimi nilikuwa nawaza pipa. Nadhani ni hapo shule ilianza kunitoka, ingawa niliiacha baadaye na kwa sababu nyingine.

Kisha, asubuhi moja, tantine alianza kukunja nguo. Alisema kabichi zake hazitamngoja, na mtu wa lori amekubali kuwapandisha siku hiyo hiyo jioni. Nilisimama mlangoni nimeinua mikono.

"Yeye anabaki."

"Abaki na nani?"

"Na sisi. Ni wa hapa."

Tantine alidhani ni upendo wa watoto, akanipapasa kichwa, akaendelea kukunja. Papa hakuwepo, alikuwa kwa madereva. Nilitazama kanga yake ya safari ikifungwa fundo, na niliona Kibumba kama nilivyokuwa nikiisikia: ukungu, baridi, kikohozi, na hakuna mtu hata mmoja atakayefunika pipa.

Hapo Bahati akapita mbio barabarani. "Imefika!" alipiga kelele. "Diski imefika! Mikro anafungua sasa hivi!"

Sikufikiri zaidi. Tantine alipoingia chumbani kuchukua viatu, nilimbeba Mapendo mgongoni, nikafunga kitenge kifuani vile nilivyoweza, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Kama kulikuwa na mahali pa kujua yatakayompata, ni pale.

Jenereta ilikuwa inanguruma, na jua lilikuwa limepasha mbao za sine mpaka zinatoa gundi. Mikro alikuwa mlangoni, kwa sababu watoto wadogo walikuwa hawaingii. Hulia, watu hawasikii.

"Sifa! Na huyo akilia?"

"Halii. Ni mama."

Alimtazama, akanitazama. "Haya," alisema. "Mama apite."

Nilikaa mwisho wa benchi, nimempakata. Giza, moshi, mabega ya watu. Picha ikaja, na mbele yetu akasimama Mama Kapita, mkubwa, nywele nyeusi, anacheka, na taa zote tisa zinawaka nyuma yake. Leo najua kwamba kile kilikuwa kipande cha katikati, cha kabla ya kamba kukatika. Siku ile sine yote iliruka juu.

"Amekomaa!"

"Sikuwaambia? Sikuwaambia miye?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bahati. Watu walimpiga mgongoni kana kwamba yeye ndiye aliyemlea.

Nilimbana Mapendo kwa furaha. Atakomaa. Itachukua muda, lakini atakomaa.

"Na yule mudogo?" aliuliza mama wa karanga kutoka mlangoni. "Yule mudogo ameenda wapi?"

Hilo halikuwa limefikiriwa na mtu. Watu waligeuka kwa Mikro, na Mikro, ambaye hakuwa na desturi ya kukosa jibu, alikisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Mudogo ameisha," alisema. "Mukubwa akifika, mudogo anaisha. Hawawezi kukaa wawili."

Nilitazama chini. Mapendo alikuwa anatafuna ncha ya kitenge changu. Ndipo blanketi la mlangoni likafunuliwa, mwanga ukatupiga machoni, watu wakazomea, "Funga! Funga!" na ndani ya mwanga ule alikuwa amesimama mama yangu.

Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi hadi magotini. Baadaye tulisikia yote: lori lililozama kwenye tope, daraja lililoanguka, njia ya kupita msituni kwa miguu na wenzake, mafuta aliyoyaacha nyuma. Alifika nyumbani akakuta hakuna anayemkaribisha, tantine anapiga yowe kwamba watoto wamepotea, na kabla hajaketi akatoka tena kututafuta. Wakati ule sikujua lolote katika haya. Niliona tu kwamba blauzi yake ilikuwa inamning'inia, kwamba mashavu yalikuwa yameingia ndani na mifupa ya mabega imetoka. Mama yangu alikuwa mnene. Huyu alikuwa amepungua.

"Sifa," alisema.

Nilirudi nyuma kwenye benchi mpaka mbao za ukuta zikanizuia. "Usikaribie!"

"Ni miye. Ni mama."

"Usimuguse! Ukimugusa ataisha!"

Mikro alizima sauti. Watu wote waligeuka, na Bahati alikuwa ameshamrukia mama kiunoni, analia kama mtoto mchanga mbele ya wale waliokuwa wanampiga mgongoni. Mama alimshika kichwa kwa mkono mmoja, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Niliona uso wake ukivunjika. Alikuwa ametembea njia ile yote akituwaza, na sasa binti yake alikuwa amejibana ukutani anamkinga mtoto wa watu dhidi yake.

Alikuja pole pole, akaketi mwisho wa benchi, mbali nasi. Alimtazama mtoto muda mrefu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni weye," nilisema.

Hakuna aliyecheka, na mpaka leo ninawashukuru. Mama hakucheka pia. Akaliona doa chini ya sikio, akainua mkono akagusa lake, na nadhani alielewa, si mambo ya filamu, ila alielewa kwamba nilikuwa nimemzika.

"Ni ndoyi wangu," alisema. "Tunaitwa jina moja tu. Ni mutoto wa tantine. Miye niko hapa, Sifa. Sikukufa." Akanyoosha mikono. "Lete nimubebe, umechoka."

Nilitikisa kichwa. Nilimwamini nusu, na nusu ile haikutosha. Nilikuwa nimempa huyu mkate wangu.

Mama hakuninyang'anya. Alitandua kitenge chake kilichojaa vumbi, akaningoja nimrudishe mtoto mgongoni, akanigeuza, akatuzungushia sote wawili, akakaza fundo kifuani kwangu kwa nguvu zake za zamani, ili mtoto asiteleze. Vidole vyake vilipita kwenye mgongo wa Mapendo. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, uzito ulikuwa bado mgongoni kwangu, na pumzi yenye joto bado shingoni.

"Twende nyumbani," alisema.

Nilitangulia. Bahati alikuwa amekimbia mbele kumwambia Papa. Njia ilikuwa na mawe makali, na nilitazama mahali pa kuweka kila mguu, nikisikia hatua za mama nyuma yangu. Sikugeuka. Nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka nitamkuta amepungua zaidi, hadi kimo changu, hadi cha mtoto niliyembeba.

"Mama," nilisema nikiangalia mbele.

"Sema."

"Ongea kitu. Usinyamaze."

Akaanza kuongea. Alieleza bei ya mawese kule, akaeleza mwanamke mmoja waliyetembea naye ambaye aliimba muda wote kwa sauti mbaya, akauliza kama nilikuwa najisuka mwenyewe, maana nywele zilikuwa aibu. Sikuyashika maneno yenyewe. Nilikuwa nasikiliza inakotoka sauti, na mpaka tulipofika mlangoni ilikuwa inatoka juu, juu ya kichwa changu, bila kushuka.